Seva ina programu kila kona: nifuate mpangilio upi wa saraka?

"Mwalimu, habari za kazi. Nasimamia seva tatu za Debian 12 katika chuo cha ufundi. Aliyenikabidhi ofisi aliacha programu zimetapakaa: nyingine ziko /opt, nyingine /usr/local, nyingine /home/admin, na moja ipo ndani ya /root. Mwezi uliopita nilikompaili curl 8.9.1, ile zana ya kutuma na kupokea data mtandaoni, kwa sababu ile ya Debian ni 7.88.1 na niliona imepitwa na wakati. Nilitumia ./configure --with-openssl --without-libpsl, nikapiga make install, nikamalizia na ldconfig. Amri ya curl inafanya kazi vizuri kabisa. Ila tangu siku ile mfumo wetu wa ada, ulioandikwa kwa PHP, unajaza logi kwa maneno '/usr/local/lib/libcurl.so.4: no version information available', na maombi ya kwenda kwenye huduma ya malipo yanakatika kwa kosa namba 61. Mwenzangu anasema ubovu ni wa mpangilio wa Unix wenyewe, unaochanganya faili za kila programu mahali pamoja. Amenionyesha GoboLinux, ambako kila programu ina saraka yake na kila toleo lina saraka yake, na anataka tujenge /Programu/Jina/Toleo kwenye seva zote tatu. Mimi nasita, kwa kuwa nilisoma kwamba /usr ni 'Unix System Resources' na wazee waliopanga hivi walikuwa na sababu zao. Nani kati yetu yuko sahihi, na programu hizi nizihamishie wapi?"

Ndugu yangu, pole na logi hiyo. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kosa la PHP, ambalo tutalimaliza hapa hapa kwa amri chache. La pili ndilo linalokunyima usingizi: ukisakinisha kitu kimoja, kingine kinavunjika, na hujui ni nani aliyeweka nini wapi. Mwenzako ameliona tatizo la kweli, ila dawa aliyoichagua isingekuponya. Nitakuonyesha kwa nini. Wewe umesita, na umefanya vyema kusita, ingawa sababu uliyoitoa haina uzito.

Nianze na hiyo sababu. Kirefu hicho cha /usr kilibuniwa baadaye sana. Pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, /usr ilikuwa mahali pa watumiaji: Dennis Ritchie alikaa /usr/dmr, Ken Thompson alikaa /usr/ken. Mfumo wenyewe ulikuwa kwenye diski ndogo ya kasi, na faili za watu zilikuwa kwenye diski za kubadilisha za PDP-11, megabaiti 2.5 kila moja. Diski ya mfumo ilipojaa, programu zilizokosa nafasi zikahamia kwenye diski ya watumiaji. Ndivyo tulivyopata /bin na /usr/bin. Baadaye mgawanyo huo ukapewa maelezo ya heshima zaidi: /bin ibaki na vitu vya kuwashia mashine na kuitengeneza kabla /usr haijapachikwa. Maelezo hayo yalifaa kwa miaka mingi, hasa pale /usr ilipokuwa inatoka kwenye seva nyingine kupitia mtandao. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na initramfs, mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu mashine inapowaka. Solaris ya miaka ya 1990 tayari ilikuwa imegeuza /bin kuwa kiungo tu cha kwenda /usr/bin, Fedora ikafanya hivyo mwaka 2012 katika toleo la 17, na Debian 12 yako, iliyotoka Juni 2023, haiukubali tena mpangilio wa zamani. Piga ls -ld /bin uone mshale. Kwa hiyo mpangilio huu hubadilishwa, na umebadilishwa chini ya miguu yako bila wewe kuhisi chochote. Usiuogope kwa ajili ya uzee wake.

Kinachostahili kuheshimiwa ni mipaka ya umiliki. Kuna kiwango cha mpangilio wa saraka kinachoitwa FHS, kilichoanza Februari 1994 kwa jina la FSSTND na kufikia toleo la 3.0 mwaka 2015. Humo utakuta maelezo mengi ya kuchosha kuhusu nini kikae wapi, lakini kwa msimamizi kama wewe yana uzito mambo matatu. /usr ni ya wale wanaotengeneza Debian. /usr/local ni yako wewe mwenye mashine. /opt ni ya kifurushi kinachokuja kikiwa kamili, na vitu vyake vyote vinakaa ndani ya saraka moja yenye jina lake, kama Google Chrome inavyojiweka /opt/google/chrome.

Chukulia dpkg, programu ya Debian inayosakinisha vifurushi, ni mtunza stoo mwenye daftari. Kila faili iliyoingia /usr kupitia kwake imeandikwa, na jina la kifurushi kilichoileta limeandikwa pembeni. Ukimuuliza kwa dpkg -S anakujibu. Ukiingiza faili kwa make install umepitia mlango wa nyuma. Jaribu sasa hivi:

dpkg -S /usr/local/lib/libcurl.so.4

Utajibiwa "no path found matching pattern", yaani haimo daftarini. Kwa /usr/local ni sawa, kwa sababu dpkg haidai rafu hiyo. Ila unapoulizia vitu vya /usr, jihadhari na kituko kimoja cha Debian 12: dpkg -S /usr/bin/ls nayo itakujibu kwamba haipo, wakati dpkg -S /bin/ls itakutajia coreutils. Faili ni ileile. Kifurushi kiliandikwa kwa njia ya zamani na saraka zikaunganishwa baadaye. Nimeona watu wakifuta faili halali za mfumo kwa kudhani ni yatima kutokana na jibu hilo, kwa hiyo kabla hujafuta chochote uliza kwa njia zote mbili.

Sasa tuje kwenye kiini cha tatizo lako. Kiwango kinataka kwamba mfumo ukisasishwa, vitu vyako vya /usr/local visiguswe. Wengi wanaisoma ahadi hiyo kwa kinyume pia, kwamba nilichoweka /usr/local hakiwezi kuugusa mfumo. Hapo ndipo ulipokamatwa. apt, amri inayopakua vifurushi na kumkabidhi dpkg, haiigusi /usr/local, lakini /usr/local inaweza kuigusa kila programu iliyomo kwenye seva.

Programu ikiitwa, kuna utafutaji wa aina tatu, na kila mmoja una kanuni zake. Wa kwanza ni wa amri yenyewe, na unafuata PATH, orodha ya saraka za kutafutia amri. Kwenye Debian /usr/local/bin inatangulia /usr/bin, ndiyo maana ukiandika curl unapata ya kwako. Huu ndio utafutaji ambao kila mtu anaujua, na ukiharibika unaonekana papo hapo.

Wa pili ni wa maktaba zile zenye .so, na hauna habari na PATH hata kidogo. Unaendeshwa na ld.so, kipakiaji cha maktaba, ambacho kinatazama orodha iliyotayarishwa na ldconfig kutoka kwenye faili zilizomo /etc/ld.so.conf.d. Fungua saraka hiyo. Utakuta libc.conf, ambayo inataja /usr/local/lib, kisha x86_64-linux-gnu.conf, inayotaja saraka za mfumo. Zinasomwa kwa mpangilio wa alfabeti, kwa hiyo /usr/local/lib inashinda. Piga ldconfig -p | grep libcurl.so.4 na utaona mistari miwili: ya kwako juu, ya Debian chini. Kuanzia dakika uliyopiga ldconfig, kila programu kwenye seva inayoomba libcurl.so.4, yaani maktaba ya curl, inapewa ile uliyoikompaili wewe, PHP ikiwemo. PHP ilikuwa haijui kama kuna curl mpya, wala haikuhitaji kujua.

Na hizo libcurl mbili, pamoja na kuitana jina moja, hazifanani. Debian huijenga libcurl yake ikiwa na alama za toleo kwenye kila kitendakazi, na moduli ya curl ya PHP iliunganishwa ikitarajia alama hizo. Msimbo chanzo wa curl usipoambiwa lolote hauziweki. Ndiyo ile "no version information available". Hilo ni onyo tu, kazi inaendelea. Kosa namba 61 ndilo zito zaidi. Linatokea libcurl inapoletewa jibu lililobanwa kwa namna isiyoielewa. Nina hakika karibu yote kwamba siku unakompaili mashine ilikuwa na libssl-dev lakini haikuwa na zlib1g-dev, kifurushi cha kujengea kwa zlib, maktaba ya kubana na kufungua data. Configure ya curl ikikosa zlib hailalamiki, inaandika "no" kwenye muhtasari wa mwisho ambao hakuna anayeusoma, halafu inajenga maktaba isiyojua gzip, yaani data iliyobanwa kwa namna hiyo. Mfumo wenu wa ada unaomba gzip, huduma ya malipo inaleta gzip, libcurl inashangaa. Thibitisha kwa /usr/local/bin/curl --version, utazame mstari wa Features. Kama neno libz halimo, ndilo hilo.

Utafutaji wa tatu ni njia zilizochomelewa ndani ya programu wakati wa kukompaili. Ile --prefix ya configure haiamui tu faili zitakapokwenda. Mara nyingi inaandikwa ndani ya programu yenyewe, ili baadaye ijue mahali pa kutafuta faili za usanidi, lugha na programu-jalizi zake. Ndiyo sababu huwezi kuhamisha programu kwa mv kutoka saraka moja kwenda nyingine ukategemea itaamka salama. Nyingine huamka, nyingi haziamki. Kumbuka jambo hili utakapoanza kuhamisha vile vilivyomo /home/admin.

Tengeneza kwanza. Kama saraka ya msimbo chanzo bado unayo, ingia humo upige sudo make uninstall. curl inayo amri hiyo, si kila mradi unayo. Kama umeifuta, pakua toleo lilelile la 8.9.1, piga configure kwa vigezo vilevile, kisha make uninstall. Piga sudo ldconfig, halafu sudo systemctl restart php8.2-fpm, kwa sababu mchakato uliokwisha kupakia maktaba utaendelea kuishika mpaka uanzishwe upya. Kama PHP yenu inaendeshwa ndani ya Apache, basi anzisha upya apache2. Kwenye terminali yako andika hash -r, la sivyo bash itaendelea kuikumbuka /usr/local/bin/curl na kukuambia haipo.

Kisha jiulize kama uliihitaji curl mpya kweli. Namba 7.88.1 inakudanganya macho. Timu ya usalama ya Debian huchukua marekebisho ya matundu na kuyarudisha kwenye toleo lilelile, ndiyo ile deb12u na namba inayofuata mwishoni. Kama ni usalama ulioufuata, ulikuwa nao tayari. Kama kuna kipengele kipya unachokihitaji, tazama kwanza bookworm-backports, hazina ya matoleo mapya yaliyojengwa kwa ajili ya Debian 12, kabla ya kugusa kompaila.

Sasa nirudi kwa mwenzako na GoboLinux yake. Mradi ule naupenda, na nisingependa umdharau kwa kuuleta mezani. Waliuanzisha Hisham Muhammad na André Detsch kule Brazili, baada ya Hisham kuzoea kusakinisha programu kwenye saraka yake ya chuo kikuu, ambako hakuwa na haki za root. Kila kitu kinakaa /Programs/Jina/Toleo, na kuiondoa programu ni kufuta saraka yake. Mpangilio wa saraka ndio hifadhidata, huhitaji daftari pembeni. Kwa macho ya anayeanza leo, huo ndio mpangilio ambao kila mtu angeutegemea.

Lakini programu hazitafuti vitu kwa kuangalia majina mazuri. Zinahitaji saraka moja ya kutazama, kwa hiyo Gobo inajenga saraka ya viungo, /System/Index, ambamo kila amri na kila maktaba ina kiungo kinachoelekea kwenye toleo fulani. Sasa weka tatizo lako humo. curl 7.88.1 na 8.9.1 zote zinatoa libcurl.so.4. Ndani ya saraka ya viungo jina hilo linaweza kuelekea mahali pamoja tu. Ukiingiza mpya, kiungo kinahamia kwenye mpya, na PHP inapewa mpya. Kosa namba 61 lingekuja vilevile, ndani ya saraka zilizopangika vizuri. Watu wa Gobo waliliona hilo wenyewe, wakatengeneza zana inayoitwa Runner, inayompa kila mchakato mtazamo wake wa saraka. Hiyo ni kazi ya mfumo mzima uliojengwa kwa ajili hiyo, huwezi kuibandika juu ya Debian kwa skripti za wikendi mbili.

Kuna na kikwazo cha pili. Saraka za zamani haziondoki hata Gobo. Zipo, zimefichwa tu kwa kiraka cha kerneli kinachoitwa GoboHide. Haziwezi kuondoka, kwa sababu skripti nyingi mno zinaanza na #!/bin/sh, na kila programu ya kawaida ya Linux ya biti 64 ina njia /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 iliyoandikwa ndani yake, ambayo kerneli huisoma kabla hata mstari mmoja wa programu haujatekelezwa. Ukijenga /Programu juu ya Debian utakuwa na mipangilio miwili, ule wa apt na ule wenu, na atakayekurithi ofisi ataandika swali kama lako.

Kuna waliolitatua tatizo la maktaba kwa kwenda mbali zaidi. Nix, kazi ya Eelco Dolstra iliyoanza mwaka 2003 huko Uholanzi, inaweka kila kifurushi kwenye /nix/store ndani ya saraka yenye heshi ndefu mbele ya jina, na heshi hiyo inatokana na vyote vilivyotumika kukijenga. Kila programu imechomelewa njia kamili ya maktaba zake. PHP ya jana inaendelea kutumia libcurl ya jana, curl ya leo ya leo, wala hakuna foleni ya nani anatangulia. Guix, mradi wa GNU wa aina hiyohiyo, inafanya hivyohivyo kwa /gnu/store. Kwa kitaalamu, hapa ndipo jibu kamili la malalamiko ya mwenzako lilipo, na unaweza kuisakinisha Nix juu ya Debian bila kuigusa /usr.

Gharama yake nayo uijue. Maktaba ya msingi kama glibc ikibadilika, heshi za karibu kila kitu juu yake zinabadilika, na vyote vinapakuliwa upya. Kama chuo chenu kinaishi kwa bando, utaisikia siku ya kwanza ya kusasisha. /nix/store inavimba mpaka upige nix-collect-garbage. Na ukihamia NixOS yenyewe, programu uliyoipakua mtandaoni ikiwa tayari imekompailiwa haitakimbia kama ilivyo, maana ile njia ya /lib64 iliyochomelewa ndani yake haina inachokitarajia. Kuna namna za kuzunguka, lakini ni elimu mpya, na kwa watu wawili wenye seva tatu sioni kama inalipa leo.

Kontena na Flatpak nitazipitia kwa haraka. Kila programu inakuja na maktaba zake kwenye boksi lake, mgongano unaisha, na mzigo wa kusasisha kila boksi unakuangukia wewe. Kwa mfumo wa ada wa PHP, kontena ni wazo zuri la mwakani, baada ya kusafisha nyumba.

FreeBSD nayo ina somo, hata kama huna mpango wa kuhamia. Kule mfumo wa msingi unakaa / na /usr, na kila programu ya nje inakwenda /usr/local, hadi usanidi wake unakaa /usr/local/etc. Ukiifuta /usr/local yote unabaki na mfumo safi unaowaka. Linux haiwezi kukupa mpaka ulionyooka kiasi hicho, kwa kuwa kwetu kila kitu, kuanzia ls hadi LibreOffice, ni kifurushi tu cha distro.

Kwa hiyo kwenye seva zako ningefanya hivi. /usr iachie apt, bila ubishi. Kitu chochote utakachokompaili kwa mkono kiende /opt/jina/toleo, na hiyo ndiyo iwe --prefix yake tangu mwanzo. Kwa curl, kama bado unaitaka, sakinisha kwanza zlib1g-dev, kisha:

./configure --prefix=/opt/curl/8.9.1 --with-openssl --without-libpsl LDFLAGS="-Wl,-rpath,/opt/curl/8.9.1/lib"

Ile rpath inaiambia amri ya curl itafute libcurl yake nyumbani kwake. Hakikisha kwa readelf -d /opt/curl/8.9.1/bin/curl | grep -E 'RPATH|RUNPATH'. Usiongeze saraka hiyo kwenye /etc/ld.so.conf.d, na usiiweke kwenye LD_LIBRARY_PATH ya mfumo mzima, maana ukifanya lolote kati ya hayo umerudi ulikotoka. Halafu tengeneza kiungo kimoja tu: ln -s /opt/curl/8.9.1/bin/curl /usr/local/bin/curl. Amri iwe ya wote, maktaba ibaki ya ndani. Ukiamua kuiondoa, futa kiungo, futa saraka, basi. Mwenzako atatambua hapa umbo lilelile alilolipenda Gobo, na ni haki yake atambe kidogo.

Wako watakaokwambia FHS inaitengea /opt vifurushi vya wachuuzi na si vya kukompaili mwenyewe. Kwa maandishi wana hoja, na kama inakukera tumia /usr/local/jina-toleo, mashine haitajali. Mimi nachagua /opt kwa sababu ld.so haiitazami yenyewe, na watu wanaozoea Linux wakiona /opt wanajua papo hapo kwamba apt haihusiki.

Kwa programu ndogo zisizo na maktaba, skripti na zana za amri, napenda zaidi GNU Stow. Unaweka kila moja kwenye /usr/local/stow/jina-toleo, unapiga stow jina-toleo, inasambaza viungo ndani ya /usr/local. Ukipiga stow -D inavikusanya vyote. Ukifanya ls -l kwenye /usr/local/bin unaona kila amri imetoka kifurushi gani. Usiitumie kwa kitu chenye .so ambayo Debian pia inayo, maana kiungo ndani ya /usr/local/lib kinashinda sawasawa na faili halisi.

Matoleo mengi ya kitu kimoja kwa pamoja, tazama kwanza kama Debian yenyewe imeshakufanyia. PostgreSQL, kwa mfano, inakaa /usr/lib/postgresql/15/bin, namba ya toleo ikiwa ndani ya njia, ili 15 na 16 ziishi jirani. Na kwa Python usipambane: Debian 12 itakukatalia pip, kisakinishi cha maktaba za Python, kwa "externally-managed-environment", na iko sahihi. Tumia venv, mazingira ya Python yaliyojitenga na mfumo.

Kuhamisha vilivyotapakaa, anza na orodha kabla ya kusogeza chochote. find /usr/local -type f na ls -la kwa /opt, /home/admin na /root, uandike kila kimoja nani anakiita: systemctl cat kwa huduma, crontab -l kwa kila mtumiaji. Crontab za watumiaji kwenye Debian zina PATH ya /usr/bin:/bin tu, kwa hiyo aliyekutangulia huenda aliandika njia kamili za /home/admin ndani yake, na ukihamisha programu kazi ya usiku itakufa kimya kimya. Kilichomo /root kishughulikie mapema. Saraka hiyo imefungwa kwa wengine, maana yake programu ile inaendeshwa na root, na pengine haikuwa na haja ya nguvu hizo kamwe. /home/admin ifuate, kwa sababu siku moja mtu ataifuta akaunti ya admin pamoja na saraka yake, akidhani anafanya usafi.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi, na utahitaji mtu mzoefu akae nawe mbele ya mashine. Kama katika kuchimba utagundua aliyekutangulia alikompaili kitu kwa --prefix=/usr, akafunika faili za apt, hasa libssl, libc au python3, usijaribu kufuta ukiwa mbali kwa SSH. Piga debsums -c uone faili zilizobadilika, na hapo usiendelee peke yako. Mara nyingi apt install --reinstall inatosha, lakini libc ikikosewa hata ls haiwaki tena, na bila mtu wa kufika kwenye mashine yenyewe na flashi ya kuwashia umebaki nje. Acha dirisha moja la root likiwa wazi muda wote wa kazi. Na seva ya ada usiiguse kabla bekapu yake haijarejeshwa kwa majaribio kwenye mashine nyingine na mhasibu akathibitisha namba ni zilezile. Kama bekapu hiyo haipo, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii, na curl ya Debian itakusubiri bila shida.

Mwenzako naye mtafutie mashine pepe aweke GoboLinux acheze nayo. Ataelewa mambo ya ld.so haraka kuliko kwa kunisoma mimi.